Mwaka Plamu Zilipochacha

Mpwa wake ndiye aliyesoma wasifu. Alisimama kando ya jeneza, akakunjua karatasi mbili zilizopigwa chapa, akatusomea kwa sauti ya kanisani kwamba marehemu Koleta alizaliwa hapahapa Mgeta, akabatizwa, akapata kipaimara, akaolewa, hakujaaliwa mtoto, akafiwa na mumewe mapema, na katika uhai wake alijishughulisha na kilimo cha kabichi pamoja na shughuli ndogondogo. Halafu akahamia kwenye kuugua kwake: presha, miguu kuvimba, hospitali ya mjini, shukrani kwa madaktari na wauguzi. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama wenzangu, kanga nimejifunga kiunoni, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Shughuli ndogondogo! Leo kuna vijana wanabandika lebo za rangi kwenye chupa za mvinyo wa plamu na kuzipeleka mpaka Dar es Salaam, na aliyeianza kazi hiyo, ndani ya jiko lenye moshi, ndiye tuliyekuwa tunamzika. Najua kwa nini waliliruka jambo lenyewe. Mpwa wake ni kiongozi wa jumuiya, na hakutaka neno lolote lenye harufu ya pombe lisomwe mbele ya padri. Sikumsema pale, maana msiba una adabu zake. Lakini karatasi yake si karatasi pekee duniani, na mimi nami kuandika najua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nilipopangiwa kazi ya ugani wa kilimo Mgeta, mlimani. Watu wazima wenye umri wa mama yangu walikuwa wananiita Bibi Shamba, na mimi nikawa naitikia bila aibu. Nilikuwa na mwaka mmoja wa majaribio. Mwaka ukiisha, mkuu wangu wa kazi aliyekuwa mjini Morogoro angeandika kama nimefaa, na nikifaa ningethibitishwa, niwe mtumishi wa serikali mpaka kustaafu. Hicho tu ndicho nilichokitaka maishani. Kazi niliyoagizwa ilikuwa moja: nikawafundishe kina mama wa mlimani kutengeneza jamu ya plamu. Aliyeiwaza kazi hiyo hakuwa na habari kwamba sukari kule juu ilikuwa haionekani. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari inagawiwa dukani kwa kikombe, na mwenye mgonjwa nyumbani ndiye anayetangulizwa. Kwa Mama Koleta, nilikopangishwa, chai tulikunywa kavu, bila sukari. Unauma plamu, unapiga funda la chai, unauma tena, na ulimi ukishazoea unajiona umekunywa chai yenye sukari.

Chumba changu kilikuwa cha matofali mabichi, dirisha la ubao lisilofunga sawasawa, na asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka blanketi linalowa. Kilinuka vitunguu, kwa sababu kabla yangu kilikuwa ghala la vitunguu, na harufu ile haikuniacha hata nikishuka mjini. Nje, chini ya dirisha, lilikuwa banda la nguruwe. Tulikula viazi mviringo vya kuchemsha asubuhi, ugali na maharage jioni, na Jumapili kukiwa na aliyechinja, nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe na kabichi juu. Mama Koleta nilimwita kwa jina lake mwenyewe kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitiwa. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa mpikaji wa pombe aliyeheshimika kuanzia kwetu mpaka Nyandira sokoni. Pombe yake ya mtama ilikuwa inauzwa siku ya gulio peke yake, mchana, na jua likishaegemea milima anafunga mlango, hata uwe nani.

Ukuta mmoja ulinitenganisha na chumba cha wanywaji, na siku za gulio nilijifunza mengi kuliko niliyojifunza chuoni. Desemba ile mvua iliikata barabara mapema. Lori la kuchukua matunda halikupanda, na plamu zilikuwa zimelundikwa kando ya barabara kwenye matenga, zinavuja maji mekundu mpaka mtaroni, nyuki wamezivaa. Nikawasikia wanaume wakisema kwamba sisi watu wa mlimani kazi yetu ni kulima vitu vizuri tuvitazame vikioza. Mmoja akauliza huyu binti wa serikali amekuja kufanya nini. Mwenzake akamjibu kuwa amekuja kufundisha jamu, akaulizwa jamu ndiyo nini, akasema ni plamu zilizopikwa na sukari, wakacheka wote kwa pamoja mpaka mmoja akapaliwa. Nililala kitandani nikitazama mabati na nikajua wana haki ya kucheka. Niliona aibu, na aibu ikinikaa muda mrefu huwa inageuka ubishi. Ndivyo nilivyoumbwa, na mpaka leo sijajirekebisha.

Chuoni, mwalimu wetu mmoja alitumia kipindi kimoja tu kutueleza jinsi zabibu za Dodoma zinavyogeuzwa mvinyo. Nilikuwa na kurasa mbili za daftari, zimeandikwa haraka, na mstari wa mwisho ulisema: acha mpaka itulie. Nikamwonyesha Mama Koleta. Hakujua kusoma sana, ila nilipomsomea aliitikia kwa kichwa kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzake, akasema zabibu na plamu zote zina ngozi na maji, tujaribu. Nikashuka mjini kutafuta sukari guru, ile inayochemshwa huko bondeni kwenye miwa, ambayo haikuwa na foleni. Hamira nilinunua kwa Bwana Ramji, mzee wa Kihindi mwenye duka jirani na soko kuu, mtu asiyegusa kileo wala nyama. Aliniuliza ni mkate gani unaotaka hamira kiasi kile. Nilipomweleza akamwita mkewe, akanitolea chupa tupu za sharubati zilizooshwa, akasema yeye hatakunywa lakini chupa hazina dini.

Tuliziponda plamu kwa mchi, tukamimina sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji ya moto yakapoa, tukaweka hamira. Baada ya siku chache tukachuja. Nyingi tukajaza kwenye mitungi yake miwili ya pombe, na iliyobaki, kwa kukosa mahali, nikaiweka kwenye dumu moja, nikapitisha mpira wa dripu niliopewa zahanati kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye chupa ya maji, kama daftari lilivyosema, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Kila asubuhi Mama Koleta aliinama, akaweka sikio kwenye mtungi. Mtungi ulikuwa unasema. Pombe ya mtama, aliniambia, inanyweka ikiwa inasema. Ikishanyamaza imekufa, na anayeinywa atakesha chooni. Mimi nilikuwa sijui pombe, yeye alikuwa hajui mvinyo, na hakuna aliyefikiri kumuuliza mwenzake.

Mwanzoni mwa Januari niliitwa mjini kwenye mkutano wa juma zima. Niliporudi, nimepanda kwa miguu kutoka barabara ilipokatika, nilikuta watu wamejaa uani. Mitungi yote miwili ilikuwa imepinduliwa, mitupu. Mama Koleta alikuwa amekaa kwenye kigoda, analia bila sauti. Siku mbili kabla mitungi ilikuwa imenyamaza. Alisikiliza asubuhi, akasikiliza mchana, kimya. Akaona vitu vyangu vimekufa mikononi mwake, na ili Bibi Shamba asije akanywa akadhurika, asubuhi hiyo akawamwagia nguruwe. Sasa jike lake kubwa na wana wake wanne walikuwa wamelala ubavu, ndimi nje, hawashtuki hata wakipigwa kwa fimbo. Jirani mmoja alikuwa tayari ameshika kisu, anashauri kwa upole wachinjwe kabla hawajafa ili nyama isipotee, na wengine walikuwa wameanza kuulizana nani atachukua mguu gani.

Mama Koleta akamwambia mwenye kisu asubiri. Tulisubiri wote, mimi nikiwa na buti zangu za matope, mpaka jua likapita utosini. Jike likakoroma, likainuka kwa miguu ya mbele, likakaa chini tena, likajaribu mara ya pili, likasimama. Likaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji likanywa kwa muda mrefu, kisha likageuka na kudai chakula kwa kelele. Watu walicheka, jirani akarudisha kisu kwenye ala yake kwa huzuni. Mama Koleta peke yake hakucheka. Alikuwa ameacha kulia na ananitazama usoni.

"Bibi Shamba," akasema, "ile haikuwa imekufa."

Nikamwambia nadhani haikuwa imekufa.

"Ilikuwa imenyamaza tu. Na mimi nimeimwaga."

Dumu la chini ya kitanda changu lilikuwa salama kwa sababu moja: Mama Koleta hakuwa mtu wa kuingia chumba cha mgeni. Tulilifungua mwishoni mwa mwezi ule. Ilikuwa bado changa, kali, inakwaruza koo, lakini rangi yake, ukiiinua kwenye mwanga wa mlango, ilikuwa nyekundu safi, unaona mpaka upande wa pili. Mama Koleta alikunywa funda moja, akafumba macho, akalimeza taratibu. Mpikaji pombe wa miaka ishirini alikuwa anakutana na kileo asichokijua, na nilimwona akikisikiliza kama alivyosikiliza mitungi. Kisha akafunga kibwebwe, akatoka nje, akawaambia wenye matenga ya plamu zilizobaki wamletee, na anayetaka kuzitupa azimwage mlangoni kwake.

Tulijaza madumu kumi na moja kabla msimu haujaisha. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikuwa na neno moja: kwa Koleta plamu zimechacha. Ugali wa jana uliotoa povu umechacha, maharage yaliyosahauliwa chunguni yamechacha, na kijana asiye na senti mfukoni naye anasema amechacha. Karani wa ofisini kwetu mjini alikuwa ananitania kila nikishuka, ananiuliza Bibi Shamba bado umechacha. Nilikuwa nachukia. Mama Koleta hakuchukia. Aliyemwambia kwamba plamu zake zimechacha alimjibu ndiyo, zimechacha, akaendelea kuchuja. Tulikaa nazo miezi ya baridi, Juni na Julai, ukungu ukiwa mlangoni mchana kutwa, tunahamisha kutoka dumu hadi dumu, tunaacha mashapo chini, tunaonja kijiko kimoja kimoja. Nilimfundisha kuandika tarehe kwenye dumu kwa mkaa, akanifundisha kunusa kabla ya kuonja, na kuosha chombo mara tatu hata kama macho yanasema ni safi. Sijawahi kufurahia kazi namna ile, wala kabla wala baadaye, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Mwaka wangu wa majaribio uliisha mwezi wa kumi na moja. Tulishuka pamoja, mimi na yeye, kikapu chake kikiwa na chupa tatu zilizozungushiwa majani makavu ya migomba. Yeye akabaki kwenye benchi la nje, mimi nikaingia. Mkuu wangu hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha chai yenye sukari, maandazi mawili kwenye kisahani, akaniuliza habari za baridi ya mlimani. Mbele yake kulikuwa na fomu yangu, na kwenye fomu palikuwa na mstari wa kujaza matokeo ya mradi wa jamu. Alikuwa amekwisha kusikia. Akanieleza, kwa utaratibu kabisa, kwamba mvinyo ni wa zabibu, kwamba kisichokuwa cha zabibu ni pombe ya kienyeji, na kwamba mtumishi wa serikali hapiki pombe. Nikasema hatukuipika, haikuona moto. Akatabasamu. Akasogeza fomu upande wangu na kalamu juu yake.

"Andika plamu zimechacha," akasema. "Si ndivyo ilivyokuwa? Neno ni lilelile. Hutakuwa umesema uongo, na mimi nitakuthibitisha leo hii."

Nimekwisha kupita miaka sitini na mitano na nimesikia mitego mingi, lakini sijasikia mwingine uliosukwa vizuri namna ile. Alikuwa amenipatia uongo uliotengenezwa kwa ukweli mtupu. Plamu zilichacha, nani angebisha? Yeyote atakayesoma faili angeelewa kwamba matunda yaliharibika, jamu haikupatikana, binti alijitahidi. Ningekuwa mtumishi. Madumu kumi na moja yangekuwa hayakuwahi kuwapo. Na nitasema ukweli hata kama unanivunjia heshima: niliishika kalamu. Niliandika neno plamu.

Sijui kama Mama Koleta alisikia au alichoka kungoja. Mlango ulifunguka, akaingia na kikapu chake, akasimama katikati ya chumba. Mkuu wangu, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, alimwuliza ana shida gani.  Alisimama akimtazama kwa utulivu, mikono juu ya mpini wa kikapu, mpaka karani wa chumba cha pili akaacha kupiga chapa.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "mimi na wewe hatujasalimiana."

Yule bwana alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Akasema shikamoo mama. Akaitikiwa marahaba. Ndipo Mama Koleta akaweka chupa tatu juu ya meza, moja baada ya nyingine, akaniuliza mimi ninaandika nini pale. Nikamsomea: plamu zimechacha. Nilikuwa sijalimaliza neno la pili, lakini nililisoma kama lilivyokusudiwa.

"Maharage ndiyo yanachacha," akasema. "Unayasahau, yanachacha yenyewe. Hizi hatukuzisahau hata siku moja. Andika tumezichachusha."

Nilitazama karatasi. Kati ya neno la mkuu wangu na neno la Mama Koleta palikuwa na herufi chache tu, na ndani ya herufi hizo tulikuwamo sisi wawili, mchi, mpira wa dripu, nguruwe, miezi ya ukungu. Nikakata nilichoandika. Nikaandika kwamba plamu hazikuharibika, kwamba tumezichachusha sisi wenyewe kwa makusudi, na kwamba kilichopatikana ni mvinyo. Nikaweka sahihi. Mkuu wangu aliisoma fomu, akauliza kama nina hakika, nikasema nina hakika, akaifungia kwenye droo. Chupa alizibakiza kama vielelezo. Karani aliniambia baadaye kwamba vielelezo vilikwisha kabla ya Krismasi.

Barua ya kutothibitishwa ilinifikia mlimani Desemba. Nilitakiwa kukabidhi buti, koti la mvua na daftari la mahudhurio. Nililia, kwa kuwa nilikuwa na miaka ishirini na nne na sikuwa na pengine pa kwenda. Siku ya pili yake nilikuwa nafunga sanduku langu Mama Koleta aliponiita nje. Alikuwa na mche wa plamu mkononi, mizizi imefungwa kwenye gunia bichi, na mjomba wake, mzee wa ukoo, alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, uso umekunjamana. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniambia kinaga ubaga kwamba hakuja kwa furaha. Ndipo nilipoelezwa jambo ambalo mwaka mzima nilikuwa silijui. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mgeni anaweza kupewa kipande alime maharage, alime kabichi, avune aende zake, lakini mti hapandi. Mwenye kupanda mti ni mwenye kukaa. Na mpwa wake, mzee alisema akimnyooshea kidole Mama Koleta, alikuwa ameamka asubuhi ile na kudai nipande mti.

"Na akiondoka?" mzee akamuuliza. "Hana kazi tena. Huyu kesho yuko Morogoro, kesho kutwa yuko kwao. Mti wake tutaufanya nini?"

"Akiondoka mti ni wetu," akasema Mama Koleta. "Asipoondoka ni wake."

Mzee akanigeukia. Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa ya mwanzo, na hakuna kati yetu aliyesogea kwenda barazani. Aliniuliza mimi mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu la kweli, kama nitaondoka. Nikamwambia siondoki. Akanyanyuka, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akanipa.

Mti ule ulizaa miaka mingi, ukazeeka, nikaukata, nikapanda mwingine palepale. Sijaondoka.